Boksi la besi

Leo boksi la kwanza la spika ninazojitengenezea limelia. Nimelitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, si mbao za unga wa kushindilia, maana unyevu wa bahari hapa Unguja huziumua pembeni na skrubu zikakosa mshiko.

Kilichonitia kwenye kazi hii ni besi ya taarabu. Lile zeze kubwa la kusimama, linalokaa nyuma ya udi, fidla na kanuni ile ya nyuzi nyingi, uzi wake wa chini kabisa unashuka hadi kama 41 Hz, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Spika ndogo nyingi za madukani hazifiki huko. Zimetiwa nguvu kwenye 100 Hz hivi, basi kila noti inatoka bum bum ile ile, hujui mpigaji kapanda au kashuka. Mtu kajifunza chombo miaka, sisi tunamsikia kama ngoma tu! Linaniuma.

Hesabu za maboksi ya namna hii tumeachiwa na Neville Thiele wa Australia, aliyezichapisha 1961, kisha Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Boksi langu lina lita 30 ndani. Bomba la plastiki la maji machafu, upana wa ndani sentimita 7, nimelikata urefu wa sentimita 19, nikalitia kwenye tundu la boksi. Kwa vipimo hivyo hewa ya bomba na ya boksi hucheza pamoja kwenye 40 Hz, kama chupa inavyolia ukipuliza mdomoni.

Baada ya Alasiri nilipitisha mlio mtupu wa 40 Hz. Nikagusa koni, ile sehemu ya spika inayotikisika: karibu imetulia. Nikaweka kiganja mbele ya bomba: upepo, unapiga, unavuta. Karibu sauti yote ya chini ilikuwa inatoka kwenye tundu, na koni imepumzika. Nilikuwa naijua kwenye karatasi, lakini kuishika kwa mkono ni jambo jingine kabisa.

Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, nimeiwekea kapasita moja tu ya mikrofaradi 4.7, ile isiyo na chanya na hasi. Kwa twita ya ohmu 8, inaanza kuzuia sauti chini ya 4,200 Hz hivi. Ami, fundi redio wa siku nyingi, kaisikiliza kanuni akasema, "Kali kidogo, mwanangu. Tia rizista kwanza, rangi baadaye." Naona kasema kweli. Kesho nitapita sokoni Darajani kutafuta rizista, kile kipunguza umeme cha kuituliza twita, ya ohmu 2, ya wati 10, halafu nisikilize tena kabla sijakata mbao za boksi la pili.