Bohari Ambamo Unyevu Ni Adui
Leo nimetimiza miaka mitatu nikiwa mdhibiti wa vifaa katika bohari ya kiwanda kinachounda vifaa vya elektroniki vya ndege, huko ughaibuni, nami naandika haya nikiwa likizoni nyumbani Mombasa, hapa Likoni, ambako chumvi ya mezani hulowa kabla ya adhuhuri.

Unyevu huu niliozaliwa nao ndio nilioajiriwa kupambana nao. Chipu nyingi hutufikia katika mifuko isiyopitisha mvuke, pamoja na kadi yenye vidoa vya buluu vinavyogeuka waridi unyevu ukiingia. Zile za daraja la 3 katika kipimo cha wepesi wa kudhuriwa na unyevu, mfuko ukishafunguliwa, zina saa 168 tu za kukaa nje, katika joto lisilozidi nyuzi 30 na unyevu usiozidi asilimia 60, kwa sababu zikichomelewa kwenye bodi zikiwa zimefyonza maji, mvuke hutanuka ndani yake na kuzipasua, pengine ufa usionekane kwa macho.

Katika mwezi wangu wa pili nilisahau kuandika saa ya kufungua mfuko mmoja. Nilishawishika kukadiria (nani angejua?), lakini nikakiri kwa msimamizi, chipu zote zikaingizwa katika tanuri la kukaushia, na mafundi wakasubiri hadi kesho yake wakinitazama kwa jicho la pembeni.

Jana nilimsimulia mama kisa hicho chote. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Kumbe kazi yako ni kuanika, mwanangu?"

Nilimwambia ndiyo.