Sindano ya nne

Leo mbwa wangu Simba amechomwa sindano ya nne ya vinkristini, dawa ya saratani. Ana ile saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana. Ilianza na matone ya damu sakafuni, nikadhani amejikata. Daktari wa mifugo anamchoma mshipani mara moja kwa wiki, taratibu, maana dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama.

Siku mbili baada ya sindano hagusi chakula. Hapo namchemshia maini na dagaa, naviponda na ugali laini, bila kitunguu (ni sumu kwa mbwa), namlisha kiganjani. Inayomponya ni dawa, lakini bila kula asingeihimili.

Uvimbe uliokuwa kama ngumi umebaki kama punje ya haragwe. Jana usiku alibweka getini. Nililia.