Mali Iliyotolewa na Msimamizi Wake

Ukifika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, unaweza kuelekezwa kwenye wodi zilizomo katika jengo la Sewahaji, na wengi wanaokwenda kuwatazama jamaa zao hulitaja jina hilo bila kujua kwamba ni jina la mtu. Sewa Haji Paroo alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851 katika familia ya Makhoja Waismailia (Waislamu wa Kishia) yenye asili ya Kutch, India. Alirithi biashara ya baba yake akiwa bado kijana, na alipofariki Unguja mwaka 1897, kabla hajatimiza miaka hamsini, alikuwa amekwisha kutoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam na jengo la shule Bagamoyo. Naanza naye kwa makusudi, kwa sababu kila tunapozungumza juu ya uhisani, mifano inayotangulia midomoni mwetu ni ya matajiri wa Marekani na mifuko yao mikubwa, kana kwamba pwani hii haikuwahi kuwa na watu waliojiuliza mali yao ifanye kazi gani watakapokuwa hawapo.

Utajiri wake haukutoka mahali pasafi, na sioni heri yoyote katika kulificha hilo. Bagamoyo ilikuwa mji wa kufungia mizigo ya misafara ya bara, na kampuni yake iliwapatia wasafiri vitambaa, shanga, nyaya na wapagazi, kisha ikanunua pembe za ndovu zilizorudi pwani. Mwandishi na msafiri Henry Morton Stanley, aliyeandaa msafara wake hapo mwaka 1871, alimlalamikia vikali kijana huyo kwa ujanja wake katika hesabu za wapagazi. Biashara ya pembe ilishikamana pia na biashara ya watu. Wapo wanaosema kwamba kutoa baadaye hufuta yaliyotangulia, na wapo wanaosema kwamba yaliyotangulia hubatilisha kilichotolewa; mimi siungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Mgonjwa aliyetibiwa alitibiwa kweli, na aliyeumia njiani aliumia kweli.

Kinachonivuta kwa Sewa Haji ni namna alivyotoa. Shule ya Bagamoyo aliikabidhi kwa serikali ya Wajerumani akiweka sharti kwamba iwapokee watoto wa rangi zote, jambo ambalo katika koloni la miaka ile ya 1890 halikuwa dogo hata kidogo. Aidha, katika wasia wake alitaka mapato ya majengo yake yaendelee kuwahudumia wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma. Maana yake ni kwamba hakutosheka na kujenga ukuta na kuondoka. Alifikiria dawa zitanunuliwa na nani mwaka unaofuata na mwaka wa baada yake. Hata hivyo, mali ikishatoka mikononi mwa mwenyewe huishi kwa tabia ya aliyeipokea. Hospitali yake ikawa ya Waafrika na Waasia, huku Wazungu wakitibiwa katika hospitali ya Wajerumani ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1897. Mgawanyo huo ulidumu hata baada ya Waingereza kushika nchi, mpaka huduma za hospitali ya Sewa Haji zilipohamia katika hospitali mpya iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 1956. Sharti lililoandikwa shuleni halikuweza kuvuka barabara likaingia katika sera nzima ya koloni.

Ndiyo maana naamini kwamba swali kubwa la uhisani si kiasi gani kimetolewa, wala si nani ametoa, bali ni nani ameachiwa kukitunza na kwa masharti gani. Chakula cha leo kwa mwenye njaa hakihitaji msimamizi. Kinahitaji mkono mwepesi tu, na wema wa namna hiyo haupaswi kudharauliwa na yeyote. Lakini kisima, shule, zahanati na nyumba ya mayatima ni vitu vinavyochakaa, na kila kinachochakaa kinadai mtu wa kukiangalia.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili vizuri kwa sababu walikuwa na wakfu, yaani mali inayozuiwa isiuzwe ili mapato yake yatolewe sadaka. Asili yake inasimuliwa katika hadithi mashuhuri ya Umar bin al-Khattab, aliyepata ardhi Khaybar, mali aliyoiona bora kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumwomba ushauri. Aliambiwa kwamba akipenda, aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo: ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na mazao yake yawafikie mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni, na mwenye kuisimamia aruhusiwe kula humo kwa wastani bila kujilimbikizia. Naomba msomaji akitazame kifungu hicho cha mwisho kwa makini. Katika maneno machache ya mwanzo kabisa ya utaratibu huu, msimamizi amekwisha kutajwa, haki yake imetambuliwa, na mpaka wake umechorwa.

Kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, watu waliweka wakfu mashamba, nyumba, maduka, visima, hata minazi michache tu, au mmoja, ambao nazi zake ziliuzwa ili msikiti upate mafuta ya taa. Kodi ya duka ingeweza kumlipa mwalimu wa madrasa, na mavuno ya karafuu yakanunua sanda za maiti wasio na ndugu. Aliyekuwa na kidogo aliweza kuwa mhisani sawa na aliyekuwa na mitaa mizima, na wanawake wenye mali zao walikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, nayo ilitia akili ya kazi ndani ya ibada: pato la kwanza la wakfu huenda katika kuitengeneza wakfu yenyewe, kabla hata ya kuwafikia wanaonufaika, kwa sababu paa likianguka hakuna kodi, na pasipo na kodi hakuna mwalimu.

Ipo pia wakfu ambayo mtu huwawekea watoto na vizazi vyake, ikiishia kwa maskini pindi vizazi hivyo vinapokatika. Kwa Waislamu, kumwangalia ndugu mwenye haja ni sadaka kamili. Ilipoteremka aya isemayo kwamba watu hawataufikia wema mpaka watoe katika wanavyovipenda, Abu Talha, sahaba wa Mtume, aliitoa bustani yake aliyoipenda kuliko mali zake zote, na Mtume akamshauri aigawe kwa jamaa zake. Majaji wa London hawakuliona hivyo. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la Uingereza, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, likisikiliza rufaa kutoka India, liliamua kwamba wakfu inayowanufaisha watoto kwanza na kuwaachia maskini sehemu ya mbali isiyo na hakika si wakfu ya kweli, kwa kuwa hisani yake ni ya jina tu. India ilipata sheria ya kuurekebisha uamuzi huo mwaka 1913, kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah, wakili aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan, lakini mahakama za Afrika Mashariki ziliendelea kuufuata kwa muda mrefu, na nchini Kenya wakfu za familia zilikuja kulindwa na sheria ya mwaka 1951. Katika miaka ile ya kati, nia ya marehemu ingeweza kuvunjwa na mrithi mmoja mwenye wakili. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha kwamba kutoa kuna sura nyingi, na kwamba atakayeamua ipi ni ya kweli anapaswa kwanza kuwajua watu wanaotoa.

Visiwani Zanzibar usimamizi wa wakfu uliwekwa chini ya kamisheni ya serikali tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na leo kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Kwa miaka mingi kodi zake zilikuwa ndogo mno, na nyumba ya mawe na chokaa isiyotengenezwa huanza kuvuja juu, kisha boriti zake za mikoko huoza, kisha sakafu hufuata. Mpangaji maskini aliyelipa kodi ndogo alinufaika kweli, na hilo nalo ni hisani. Ila nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa ikilipa gharama ya hisani hiyo.

Kuhusu harambee sitasema mengi, kwa kuwa wengi wetu tumesoma katika shule zilizojengwa nayo au tunawajua waliosoma humo. Mzee Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, na wazazi waliochanga mawe, kuku na nguvu zao walijenga shule za sekondari ambazo serikali pekee isingeweza kuzijenga kwa kasi ile. Kilichoiharibu ni kipaza sauti. Pale mwanasiasa alipoanza kutangaza bahasha yake mbele ya umati, na chifu kumdai mwananchi mchango kabla ya kumhudumia, kutoa kukageuka kuwa kodi kwa mnyonge na kampeni kwa mkubwa, hata ikabidi sheria ya maadili ya mwaka 2003 iwazuie watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Qurani husema kwamba sadaka zikidhihirishwa ni vizuri, na zikifichwa na kupewa mafakiri ni bora zaidi. Wala sioni kwamba mabango yetu ya siku hizi, yenye picha ya mtoto akipokea daftari na mfadhili akitabasamu, yanamfikiria mtoto yule atakapokuwa mtu mzima.

Siku hizi mchango husafiri kwa simu. Kikundi cha WhatsApp hufunguliwa asubuhi, na kufikia jioni bili ya hospitali imelipwa. Wepesi huo ni neema, nami nimeona ukiokoa uhai. Ugumu huja pale kikundi kile kile kinapoamua kujenga. Nimekaa katika kamati ambazo fedha za kuchimba kisima zilipatikana haraka, lakini hakuna aliyetaka kujadili pampu ikiharibika atalipa nani, kwa sababu mazungumzo hayo hayana shangwe wala picha. Nikiulizwa na kijana anayeanza kupata mshahara atoe wapi, humwambia atafute jambo lililokwisha kuanzishwa na mwingine, alitunze. Wafunguaji tunao wengi kuliko walinzi.

Marehemu shangazi yangu aliacha kibanda cha duka ambacho kodi yake ni ya madrasa ya mtaani kwetu, nami ni mmoja wa tulioachiwa kukiangalia. Hati yake ni ukurasa mmoja uliosainiwa mbele ya kadhi. Imetaja matengenezo kwanza, mshahara wa ustadhi pili, na akiba tatu. Imetaja kwamba msimamizi asimpangishe ndugu yake kwa bei ya chini. Na imetaka hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wazazi wa wanafunzi kila mwaka, mwezi wa Shaaban, kabla ya madrasa kufungwa. Mwaka jana mzazi mmoja, mama anayeuza maandazi, alisimama akauliza kwa nini bati lilinunuliwa kwa bei ile wakati fundi mwingine alikuwa akiuza kwa nafuu. Risiti zilitolewa, zikapitishwa mkono kwa mkono, na ikaamuliwa kwamba kuanzia sasa bei ziulizwe katika maduka matatu kabla ya kununua, na mama yule akaingizwa katika kamati.