Kwa nini Mercedes CLR zilipaa Le Mans mwaka 1999

Katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1999, magari ya mashindano ya Mercedes aina ya CLR yalipaa hewani mara tatu. Tuanze na hesabu, maana bila hesabu ajali hizi huonekana kama miujiza. Gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa linakabiliana na hewa yenye shinikizo la karibu nyutoni 4,200 kwa kila mita ya mraba. Gari la prototaipu, yaani lililobuniwa kwa mashindano tu, ukilitazama kutoka juu lina eneo la kama mita 9 za mraba. Basi robo tu ya shinikizo hilo ikigeuka na kusukuma juu, inapatikana nguvu ya nyutoni 9,400 hivi. Gari la kilo 900 lina uzito wa nyutoni 8,800. Limeshapaa, hata kama sekunde moja kabla bawa na sakafu vilikuwa vinaligandamiza barabarani kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake.

Kinachotenganisha hali hizo mbili ni nyuzi chache za mwinamo. Pua ikiwa chini, hewa hupita kwa kasi katika upenyo mwembamba chini yake na kuifyonza ielekee barabarani. Pua ikiinuka, ufyonzaji unapungua. Ikizidi kuinuka, hewa inaingia chini ya sakafu na kuisukuma. Kuanzia hapo kila inchi inayoinuka inaongeza msukumo unaoinua zaidi, na dereva hana usukani wala breki ya kumsaidia, kwa kuwa tairi za mbele haziko barabarani.

CLR ilikuwa na umbali wa milimita 2,670 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, mfupi kuliko wa wapinzani wake, huku pua na mkia vikichomoza mbali kupita ekseli hizo. Hapo ndipo penye kiini cha mkasa wote. Gari likipinduka kinyumenyume, huzunguka kwenye ekseli ya nyuma. Kinachopinga mzunguko huo ni uzito wa gari ukizidishwa kwa umbali wake hadi kwenye ekseli hiyo. Ekseli zikikaribiana, umbali huo nao unapungua. Pua ndefu kwa upande wake inaipa hewa wenzo mrefu wa kuinulia.

Alhamisi, katika kutafuta nafasi za kuanzia, dereva Mark Webber alipaa kati ya kona mbili za Le Mans, ya Mulsanne na ya Indianapolis. Jumamosi asubuhi, katika mazoezi ya kupasha moto, akapaa tena, safari hii kwenye mwinuko kabla ya kona ya Mulsanne. Timu ikafunga vibawa vidogo kwenye pembe za mbele na kuwaagiza madereva wasiyafuate magari mengine kwa karibu kwenye miinuko. Jioni ile ile, katikati ya mashindano, Peter Dumbreck alikuwa nyuma ya gari jingine akielekea Indianapolis. Gari lake likainuka, likapinduka angani na kutua nje ya kizuizi, kwenye miti. Alinusurika. Gari la Mercedes lililobaki likaondolewa mashindanoni.

Agizo lile lilikuwa sahihi kisayansi, lakini lilimtwika dereva kazi ya mhandisi. Hewa iliyo nyuma ya gari jingine imevurugwa na imepunguziwa kasi, kwa hiyo pua ya anayefuata ndiyo inayopoteza mgandamizo kwanza. Ukijumlisha na kilele cha mwinuko, ambapo springi za mbele zinanyooka, umeshapata nyuzi zile chache. Huwezi kushindana saa 24 bila kumfuata mtu. Magari yale yalistahili kuondolewa Jumamosi asubuhi.

Wala Mercedes haikuwa peke yake: Porsche 911 GT1 ya Yannick Dalmas ilipaa kwenye uwanja wa mbio wa Road Atlanta, Marekani, mwaka 1998, na BMW ya Bill Auberlen ikapaa huko huko mwaka 2000.

Kanuni zilizofuata zilishughulikia pia hatari ya pili, ya gari kwenda ubavu. Likiteleza hivyo, bawa halifanyi kazi yake, na hewa inaingia chini kupitia ukingo mrefu wa sakafu. Kuanzia 2004 pande za sakafu ziliinuliwa kwa nyuzi 7 kuelekea nje. Mwaka 2011 likaja pezi refu juu ya kifuniko cha injini: gari likianza kukaa mshazari, pezi linasukumwa na upepo upande wa nyuma na kulirudisha lielekee mbele. Mwaka 2012 yakaongezwa matundu juu ya tairi, ili shinikizo linalojikusanya ndani ya madigadi lipate pa kutokea.

Mwaka huo huo Toyota ya Anthony Davidson, yenye pezi na matundu, iligongana na Ferrari iliyokuwa ikipitwa karibu na kona ya Mulsanne. Ilikaa ubavu, ikapaa na kupinduka, ikatua na kwenda kugonga kizuizi. Davidson alivunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Pezi linahitaji muda ili kulinyoosha gari, na kugongwa kwa nyuma hakuachi muda huo.