Hanfets: Shayiri na Ngano Katika Shamba Moja

Wakulima wa nyanda za juu za Eritrea, na wenzao wa Tigray kaskazini mwa Ethiopia, huchanganya mbegu za shayiri na ngano, wakazimwaga katika shamba moja, wakavuna pamoja na kusaga pamoja. Mchanganyiko huo huitwa hanfets. Sisi tuliozoea kupanda mahindi na maharage ni vigumu kuamini kwamba nafaka mbili, zinazogombea maji na rutuba ileile, zinaweza kumwongezea mkulima mavuno.

Ufafanuzi uko kwenye mvua. Mvua kubwa za huko hunyesha kati ya Juni na Septemba. Zikikatika mapema, shayiri, ambayo hukomaa haraka, huwa imeshajaza punje. Zikiendelea, ngano hupata muda wa kukomaa vizuri. Kwa hiyo mkulima halazimiki kubashiri msimu siku anapomwaga mbegu, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kuhusu mavuno, naona si haki kuulinganisha mchanganyiko na zao lililofanya vizuri zaidi mwaka huo pekee. Swali la maana ni hili: ingehitajika ardhi kiasi gani kupata mavuno yaleyale kama kila nafaka ingepandwa peke yake? Tuseme hekta moja ya hanfets imetoa asilimia 65 ya shayiri ambayo ingevunwa katika hekta ya shayiri tupu, pamoja na asilimia 50 ya ngano ambayo ingevunwa katika hekta ya ngano tupu. Mkulima huyo angehitaji hekta 1.15 kupata kiasi hicho. Utafiti wa Woldeamlak Araia, aliyewasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, mwaka 2001, ulionyesha kwamba hanfets hutumia ardhi kwa tija zaidi, na kwamba mavuno yake hayayumbi sana kati ya msimu na msimu.

Hata hivyo, si kila mbegu inafaa kuchanganywa. Shayiri yenye nguvu kupita kiasi huifunika ngano, na aina zinazopishana mno katika kukomaa husababisha punje za shayiri kupukutika kabla ngano haijawa tayari. Nasikitika kwamba mbegu nyingi zinazotolewa kwa wakulima huchaguliwa kwa kupimwa zikiwa peke yake shambani. Aina iliyoshindwa katika majaribio ya namna hiyo huenda ndiyo ingefaa zaidi ndani ya mchanganyiko, lakini huachwa bila kujaribiwa humo.