Jinsi nilivyopunguza moshi wa Fuso langu

Fuso langu hupeleka saruji Masasi na Newala, na msimu wa korosho linarudi Mtwara na magunia. Kwenye mlima wa Newala lilikuwa likitoa moshi mweusi hadi bodaboda wa nyuma wanasimama pembeni kuupisha. Si kero ya macho tu: tangu 2012 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeuhesabu moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani.

Mafundi wote waliniambia, "Mama, punguza pampu," yaani isukume dizeli kidogo. Moshi unapungua kweli, ila nguvu nayo inaondoka, na dereva akifika njiani anachukua bisibisi anaifungua tena. Nikasema tuanze na hewa. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza yote.

Ea klina, yaani chujio la hewa, utingo alizoea kuigonga kwenye tairi vumbi litoke. Tukaiwekea tochi ndani gizani, mwanga ukapenya kwenye vitobo. Tukanunua mpya, sasa inapulizwa kwa kompresa, presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje.

Mchawi hasa alikuwa mpira wa turbo, unaopitisha hewa ambayo turbo inaisukuma kwenda kwenye injini. Kwa macho ulikuwa mzima, isipokuwa utando wa mafuta meusi pembeni ya klipu. Tukapaka maji ya sabuni, dereva akakanyaga mafuta, povu likafumuka. Mpasuko ule ulikuwa unafunguka turbo inaposukuma tu, yaani mlimani, pale pale hewa inapohitajika.

Nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zikaenda kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nzima hurusha ukungu. Baadhi ya zetu zilidondosha matone. Zikabadilishwa ncha, pampu ikapimwa, skrubu yake ikapigwa lakiri. Dizeli ya madumu nayo nikaipiga marufuku, maana ikichanganywa mafuta ya taa inakula pampu na nozeli.

"Sasa mama, mlima tutapanda na nini?" dereva akauliza.

"Panda kwanza, baba, ndipo tuzungumze."

Alipanda, wala hakuniletea mazungumzo yoyote.

Likiondoka na mzigo bado linatoa wingu dogo kabla turbo haijashika kasi. Hilo nimelivumilia, gari la zamani halina chujio la masizi kwenye ekzosi. Fuso langu la pili linatoa moshi wa bluu. Hiyo ni oili inayoungua, ringi za pistoni zimekwisha, na zinasubiri hela ya korosho.