Nimwamini nani, wewe au ukuta?

"Msiwaeleze wazazi mambo mengi, mtawachanganya. Waambieni tu utaratibu umebadilika." Aliyetupa ushauri huo alikuwa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope la kitongoji changu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mwanza. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza nchini mwaka 2018, ilikuwa ya wasichana wa miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Tuliimba "dozi mbili" mpaka watoto wakanibandika jina hilo. Mwaka 2024 tukaambiwa: dozi moja, miaka 9 hadi 14. Nikajua nimepata mteremko.

Basi tukafuata ushauri. Tukachanga elfu kumi na kitu, tukakodi bodaboda yenye spika, tukapita gulioni: dozi sasa ni moja, leteni mabinti! Kufika jioni maneno yameshazaa. Mara ile ya pili ilikuwa na madhara, wameificha. Mara dawa zimepungua, tunagawiwa nusu. Mara umri umeshushwa ili mabinti wawahiwe kabla hawajavunja ungo, wasizae. Mama mmoja akanifuata na simu, kapiga picha bango la zahanati: binti wa sare anatabasamu, chini yake "dozi mbili".

"Dada, nimwamini nani, wewe au ukuta?"

Nilikwenda kulibandua kwa kisu cha jikoni, likatoka na rangi. Mganga alininunia wiki nzima.

Kwenye kikoba ndipo nikamwaga yote. Kwamba utafiti uliolinganisha dozi moja na mbili ulifanyika hapahapa Mwanza, na moja ikaonekana inatosha. Kwamba Shirika la Afya Duniani liliikubali Desemba 2022. Aliyechomwa mbili hakudhurika, na wa moja hadaiwi. Na kwamba kirusi kinacholeta saratani hiyo kinaambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo kinga itangulie. Hapo kina baba wakaanza kukohoa.

La utasa nililiwekea dawa yake. Kuna binti alichanjwa mwaka ule wa 2018, akiwa na miaka 14. Hesabu mwenyewe ana mingapi sasa. Nilimwomba aje na kadi yake ya chanjo, na mwanawe mgongoni. Yule mzee mwenye sauti kuliko wote akaigeuza kadi huku na huku, akasoma tarehe, akamtazama mtoto.

"Na huyu ni wake kweli?"

Mtoto akamnyakua kofia. Kikoba kizima kikaangua kicheko, na shuleni wajukuu zake walikuwa mwanzo wa foleni.

Bango jipya nimelibandika mwenyewe. Pembeni nimeandika mwaka kwa kalamu nene, kila mtu ajue ni la lini. Mganga kanuna tena, eti nimechafua mali ya serikali.